Tempe ya Soya: Kuitengeneza kwa Usawa na Kupima Kama Walaji Wataikubali

Jaribio la kuonjesha tempe huharibikia jikoni, kabla mwonjaji wa kwanza hajaketi. Ukitaka kulinganisha aina mbili za soya, halafu moja ukaivundika saa 36 na nyingine saa 44, alama utakazopewa zitakuwa za muda, si za soya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye sufuria na kuishia kwenye hesabu. Sampuli zilingane katika kila kitu isipokuwa kile kimoja unachokichunguza; hapo tu ndipo maoni ya walaji yatakuwa na maana.

Tempe ni chakula cha kisiwa cha Java, Indonesia. Soya iliyochemshwa na kumenywa hupandwa ukungu wa jamii ya Rhizopus, hasa Rhizopus oligosporus, na nyuzi zake nyeupe hufunga punje zikawa bamba moja linalokatika kwa kisu. Haitiwi chumvi wakati wa kutengenezwa, na inapaswa kupikwa kabla ya kuliwa. Kiwango cha Codex, mpango wa kimataifa wa viwango vya chakula, cha mwaka 2013 kinataka unyevu wake usizidi asilimia 65 na protini isipungue asilimia 15. Takwimu ya unyevu iweke akilini, maana maji yakizidi huanza kuharibu ladha mapema kuliko kitu kingine chochote.

Tempe nzuri ikoje

Bamba lililoiva ni jeupe pande zote na nyuzi zimejaza nafasi zote kati ya punje. Ukilishika ncha moja na kuliinua, halipindi wala halimeguki. Kipande chembamba cha milimita 5 hubaki kizima hata kikitumbukizwa kwenye mafuta. Harufu ni ya uyoga mbichi, na kwa mbali hamira. Kikikaangwa hutoa ladha inayokaribia karanga, na utamu ule wa nyama unaoitwa umami. Uchungu uwepo kwa mbali sana au usiwepo kabisa.

Madoa ya kijivu au meusi karibu na matundu ya mfuko ni spora, yaani mbegu, za ukungu wenyewe. Hayadhuru, ila mnunuzi asiyeifahamu tempe huyaona kama uozo na kuirudisha. Rangi ya waridi, nyekundu, ya machungwa, au ya kijani inayoelekea bluu ni jambo jingine kabisa: hao ni vijidudu wageni, na bamba zima litupwe bila kukatwa wala kuonjwa. Utelezi unaovutika kama uzi nao ni wa bakteria.

Harufu ya amonia inahitaji uamuzi wa busara. Inatokea ukungu ukishamaliza chakula chepesi na kuanza kuvunja protini kupita kiasi. Kwa tempe ya kukaanga hiyo ni kasoro. Lakini Wajava wana tempe iliyopitiliza kwa makusudi, wanayoiita semangit, na iliyopitiliza zaidi, bosok, ambazo hutumika kama kiungo cha kukoleza mchuzi; sambal tumpang ya Kediri haiwi yenyewe bila hiyo. Kwa hiyo amua kwanza tempe yako ni ya pishi gani, kisha uulize watu kama ni nzuri. Bila pishi, swali hilo halina jibu.

Kuandaa soya

Pima gramu 500 za soya kavu kwa kila fungu. Chagua punje kubwa za rangi ya manjano hafifu, za mavuno mapya. Soya iliyokaa muda mrefu ghalani hubaki na kiini kigumu hata ikichemshwa sana, na waonjaji huhisi chembe hizo kila wanapotafuna. Toa zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Kama unalinganisha mbinu, mafungu yote yatoke gunia moja.

Osha, chemsha dakika 30 katika maji yaliyo mara tatu ya ujazo wa soya, zima moto, acha ilale kwenye maji hayo saa 12 hadi 24. Mahali penye joto maji huanza kutoa povu na kuchachuka kidogo. Hilo ni jema: bakteria wa asidi ya laktiki hushusha pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umeongezeka) ya punje hadi karibu 4.5 au 5, kiwango ambacho ukungu wa tempe unakivumilia na bakteria wengi waharibifu hawakipendi. Kwenye baridi uchachu huo haufiki, na ndipo siki inapohitajika, kama tutakavyoona.

Kumenya hakuna njia ya mkato. Sugua punje kwa viganja ndani ya maji, maganda yataelea, yamwage, ongeza maji, rudia hadi yabaki machache ya kuhesabika. Ganda lililobaki huzuia nyuzi zisiingie kwenye punje, hushika maji, na huacha kitu kama karatasi mdomoni. Watu wasioizoea tempe hulalamikia hilo kwa maneno mengine: watasema “inakwaruza” au “haijaiva”.

Chemsha tena kwa maji mapya dakika 30 hadi 45. Punje iwe laini hadi katikati ukiiuma, lakini isipondeke. Harufu ile ya majani mabichi inayowakimbiza watu kwenye soya hutokana na kimeng’enya kinachoitwa lipoksijenasi, ambacho hushambulia mafuta ya soya punje inapovunjwa ikiwa mbichi na yenye maji. Joto hukiua. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuchemsha mara ya kwanza kabla ya kuloweka na kumenya, kama ilivyoelezwa hapo juu, kuliko kusugua soya ambayo haijaona moto. Dakika tano kabla ya kuipua, tia mililita 30 za siki ya kawaida, hasa kama maji ya kuloweka hayakuchachuka.

Sasa kausha. Mwaga maji yote, rudisha soya kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo huku ukikoroga hadi mvuke upungue, kisha itandaze kwenye kitambaa safi mbele ya feni. Punje isiwe na mng’ao wa maji na isiache alama ya unyevu kwenye karatasi kavu. Mafungu mengi ya tempe hufia hapa. Maji yakibaki juu ya punje, hewa haipiti, bakteria hutangulia, na kesho yake unafungua mfuko wenye harufu ya soksi.

Chachu na kuvundika

Subiri soya ipoe hadi chini ya nyuzi joto 35 za Selsiasi. Nyunyizia chachu ya tempe, yaani mbegu ya ukungu ule wa Rhizopus, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa chachu nyingi za unga ni gramu 2 hivi kwa gramu 500 za soya kavu. Gramu mbili ni kidogo mno kusambaa vizuri, kwa hiyo ichanganye kwanza na kijiko kimoja cha unga wa mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa, kisha geuza soya yote dakika mbili kamili. Asiyetumia mizani ya gramu asifanye utafiti. Kijiko cha chai hakipimi sawa mara mbili.

Jaza mifuko ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano kila sentimita moja, pande zote mbili, na uilaze iwe na unene wa sentimita 2.5. Bamba nene zaidi hupata joto katikati na kukosa hewa. Kule Java hutumika pia majani ya mgomba, ya msaji na ya mti uitwao waru, na majani huipa tempe harufu yake. Ukitumia majani kwa fungu moja na plastiki kwa jingine, basi hilo ndilo linakuwa swali lako la utafiti, liwe ulilikusudia au hukulikusudia.

Weka mifuko kwenye wavu, sentimita 3 kati ya mmoja na mwingine, ndani ya kisanduku chenye joto la nyuzi 30 au 31. Saa 12 za kwanza huonekana kama hakuna kinachotokea. Kisha ukungu huanza kuzalisha joto lake wenyewe, na hapo ndipo mtengenezaji hupaswa kuwa macho. Choma kipimajoto cha sindano katikati ya bamba moja ambalo halitaonjwa. Likifika nyuzi 34, punguza joto la kisanduku hadi 27 au fungua mlango kidogo. Likifika 40, ukungu unaanza kudhoofika na bakteria wanachukua nafasi: katikati patakuwa na doa la kahawia, laini, lenye uchungu.

Tempe huwa tayari kati ya saa 24 na 48. Andika saa uliyotia chachu, saa nyuzi zilipoanza kuonekana, joto la katikati kila baada ya saa tatu, na saa uliyotoa. Daftari hilo litaeleza alama za waonjaji vizuri kuliko nadharia yoyote.

Kusimamisha uchachu si suala la kuitia tu kwenye friji. Mabamba ya moto yakipangwa moja juu ya jingine huendelea kujichemsha usiku kucha hata kwenye nyuzi 4. Yatandaze yapoe kwanza, au yapitishe kwenye mvuke dakika 10, ambayo huua ukungu na kukuachia tempe isiyobadilika haraka.

Kupanga mafungu yakutane

Chukua mfano wa kulinganisha muda wa kuvundika: saa 24, 36 na 48. Ukianza yote pamoja, lile la saa 24 litakaa kwenye baridi siku nzima likisubiri wenzake. Panga kinyume chake. Fungu la saa 48 litiwe chachu Jumatatu saa 3 asubuhi, la saa 36 Jumatatu saa 3 usiku, la saa 24 Jumanne saa 3 asubuhi. Yote yatatoka Jumatano saa 3 asubuhi na kuonjwa mchana huohuo. Kila fungu lilowekwe na kuchemshwa kwa dakika zilezile, likipishana na wenzake kwa saa zilezile. Tengeneza pia mabamba mawili ya ziada kwa kila fungu, maana moja likipata doa la waridi hutakuwa na siku nyingine ya kuanza upya.

Jopo dogo kwanza, walaji baadaye

Kuna maswali mawili, na hujibiwa na watu tofauti. Swali la “ikoje” hujibiwa na jopo la watu 8 hadi 12 waliofundishwa. Swali la “wanaipenda?” hujibiwa na walaji wa kawaida. Usimwulize mtaalamu kama anaipenda, wala usimwombe mlaji apime ukali wa uchungu.

Kufundisha jopo, wape vitu vya kulinganishia. Uyoga mbichi uliokatwa uwakilishe harufu ya uyoga. Soya iliyolowekwa na kusagwa mbichi, kwa kunusa tu, iwakilishe harufu ya soya mbichi. Karanga za kukaanga bila chumvi ziwe za ladha ya karanga, na kafeini gramu 0.5 katika lita moja ya maji iwe ya uchungu. Kwa amonia tumia tempe iliyoachwa saa 72, nayo pia kwa kunusa tu. Watafute pamoja maneno wanayokubaliana, kisha kila mmoja atie alama kwenye mstari wa sentimita 15, kutoka “haipo” hadi “kali sana”. Mwonjaji anayetoa alama tofauti kabisa kwa sampuli ileile siku mbili mfululizo arudishwe kwenye mazoezi au aachwe.

Jopo lionje tempe ya kuchemshwa kwa mvuke, maana mafuta huficha kasoro. Walaji waonje ya kukaanga, maana ndivyo wengi watakavyoila.

Pishi la siku ya kuonja

Kata vipande vya sentimita 3 kwa 3, unene sentimita 1, kutoka katikati ya bamba tu. Kingo zina ukungu mzito na ukavu tofauti. Loweka dakika 10 kwenye maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita. Wajava huongeza kitunguu saumu na giligilani ya kusaga, na tempe hupendeza sana hivyo, lakini kwa jaribio acha viungo: vitafunika tofauti unayoitafuta. Futa maji, kaanga kwa nyuzi 175 dakika 3 hadi 4. Usijaze karai, joto la mafuta litaanguka na vipande vitanyonya mafuta badala ya kukauka. Tumia mafuta mapya kwa kila fungu, kwa kiasi kilekile.

Toa vipande ndani ya dakika 15. Vikiwekwa kwenye chombo chenye mfuniko vinatoka jasho na kulainika, na utashangaa kwa nini fungu la mwisho limepewa alama ndogo za ukavu.

Usimpe mtu yeyote tempe mbichi. Mwaka 2012, huko Asheville, North Carolina, Marekani, watu wengi waliugua kwa bakteria wa salmonela, ugonjwa uliohusishwa na tempe ambayo haikupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu. Vijidudu vilikuwa vimetoka kwenye chachu. Wala usichanganye soya na machicha ya nazi ili kupunguza gharama: tempe bongkrek, ya nazi, iliua watu wengi Java kwa sababu ya sumu ya bakteria, na Indonesia ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1988. Kabla ya kuonja, kila mtu aambiwe kwa maandishi kwamba chakula kina soya, na mwenye mzio asishiriki.

Kuwauliza walaji

Kwa sampuli tatu kuna mipangilio sita ya kutangulia na kufuata. Tafuta watu 60 au 72, ili kila mpangilio upate watu 10 au 12 sawasawa. Sampuli ya kwanza mara nyingi hupata alama tofauti kwa kuwa ya kwanza tu. Kila sampuli ipewe namba ya tarakimu tatu iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Usitumie A, B, C wala 1, 2, 3, kwani herufi na namba hizo zina cheo vichwani mwa watu. Mwonjaji asukutue kwa maji, asubiri dakika mbili, kisha aendelee. Sampuli zisizidi nne kwa kikao.

Kipimo cha alama 9 kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 na watafiti wa chakula cha jeshi, na bado kinatosha. Andika maneno kamili kwenye karatasi: 9 napenda mno, 8 napenda sana, 7 napenda kiasi, 6 napenda kidogo, 5 sipendi wala sichukii, 4 nachukia kidogo, 3 nachukia kiasi, 2 nachukia sana, 1 nachukia mno. Swali la kupenda kwa ujumla liwe la kwanza kabisa. Ukianza kwa kuuliza uchungu, umemwonyesha mtu uchungu ambao pengine asingeuona.

Baada ya hapo uliza kama harufu, uchungu, chumvi na ukakamavu vinamfaa (hapimi ukali kama jopo, anasema tu kinavyomfaa), kwa ngazi tano: hafifu mno, hafifu kiasi, sawa kabisa, kali kiasi, kali mno, kwa ukakamavu badilisha “hafifu” iwe “laini” na “kali” iwe “ngumu”. Mwisho kabisa ndipo uulize umri na kama amewahi kula tempe. Usiache swali hilo la mwisho. Changanua wazoefu na wageni kando kwa kando, kwa sababu harufu ileile ya uyoga ambayo mzoefu huitafuta, mgeni anaweza kuihesabu kuwa kasoro.

Kusoma majibu

Kwa kila mtu, toa alama ya sampuli moja kwenye alama ya nyingine. Tafuta wastani wa tofauti hizo na mkengeuko sanifu wake (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika), kisha gawanya mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Tuseme watu ni 60, wastani wa tofauti ni 0.6, mkengeuko 1.8. Kipeuo cha pili cha 60 ni 7.75, hivyo jibu la mgawanyo huo, liitwalo kosa sanifu, ni 0.23. Gawanya 0.6 kwa 0.23 upate 2.6. Kwa sampuli mbili, chochote kinachozidi 2 ni tofauti ya kuaminika. Kwa sampuli tatu zinazolinganishwa jozi kwa jozi, taka 2.4.

Usiishie kwenye wastani. Wastani wa 6 unaweza kutokana na watu wote kusema 6, au nusu kusema 8 na nusu kusema 4. Hali ya pili ina maana una bidhaa inayopendwa na kundi moja, na ni heri kuitafutia kundi hilo kuliko kuirekebisha hadi isimkere wala isimfurahishe yeyote.

Kwenye zile ngazi tano, tazama kasoro iliyotajwa na angalau asilimia 20 ya watu, kisha uangalie kama walioitaja walishusha alama ya jumla kwa pointi moja au zaidi chini ya waliosema “sawa kabisa”. Kasoro yenye sifa zote mbili ndiyo ya kurekebisha kwanza, na kila moja ina mlango wake jikoni. “Harufu kali mno” hupunguzwa kwa kutoa tempe saa nne hadi sita mapema na kuipoza haraka. “Uchungu mno” huelekeza kwenye joto lililopanda katikati ya bamba, muda mrefu, au maganda. “Laini mno” ni maji au kuchemsha kupita kiasi. “Ngumu mno” ni soya kuukuu, au mchemsho wa pili uliokatishwa. Wanaosema tempe inanuka soya mbichi wanakuambia uchachu haujafika na moto haukutosha. Rekebisha kimoja tu, tengeneza upya, onjesha upya.

Marekebisho yenyewe yapimwe kama yanaonekana. Kwa hilo tumia jaribio la vipande vitatu: viwili sawa, kimoja tofauti, na mwonjaji aonyeshe kile tofauti. Badilisha mpangilio wa vipande kwa kila mtu, na kama rangi zinatofautiana tumia taa nyekundu ili macho yasijibu badala ya ulimi. Kwa watu 24 unahitaji majibu sahihi 13, kwa watu 30 majibu 15, kwa watu 36 majibu 18. Jaribio hili ndilo la kufanya pia kila unapobadilisha chachu au gunia la soya: weka kwenye friza, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mabamba ya fungu lililokubalika baada ya kuyapitisha kwenye mvuke, na ligandishe fungu jipya vivyo hivyo kwa siku moja kabla ya kulilinganisha, ili baridi isiwe ndiyo tofauti wanayoionja.